Wanaotaka wanaume na wanawake washindane pamoja, mmehesabu medali za Tokyo?

MbioZaNgong

Wanajukwaa, hamjambo.

Hoja hii hurudi kila kina dada wetu wanapotamba. Juni 2025 Faith Kipyegon alipojaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4 pale Paris, watu walimwona amezungukwa na wanaume wanaomkinga upepo, wakauliza: kama anaweza kukimbia katikati yao, mbona asishindane nao? Wapo pia wengine, tena wenye nia njema kabisa, wanaosema Kifungu cha 27 cha Katiba yetu kimempa mwanamke haki sawa na mwanamume, kwa hivyo kuwatengea wanawake mbio zao ni ubaguzi. Wanataka mpaka huo uondolewe, mshindi awe mmoja.

Nimeishi na wanariadha miaka mingi na jambo hili linanigusa, kwa hivyo sitazunguka. Ukiunganisha mashindano, unamfuta mwanamke Mkenya.

Chukueni Mashindano ya Dunia ya Riadha ya Tokyo, Septemba 2025. Kenya ilirudi nyumbani na dhahabu 7. Sita zililetwa na wanawake: Beatrice Chebet mita 10,000 na 5,000, Kipyegon 1,500, Faith Cherotich kuruka viunzi na maji, Lilian Odira 800, Peres Jepchirchir marathoni. Kwa wanaume ni Emmanuel Wanyonyi peke yake, mita 800.

Sasa waweke hao kina dada kwenye mbio moja na wanaume. Odira alishinda kwa 1:54.62, rekodi ya mashindano hayo. Mwanamume alihitaji 1:44.50 ili afuzu kwa muda kwenda Tokyo. Kipyegon alikimbia 1,500 kwa 3:48.68 kule Eugene Julai 2025, muda ambao hakuna mwanamke mwingine alikuwa ameufikia. Mwanamume alitakiwa kuwa na 3:33.00. Siku hiyo hiyo, uwanja huo huo, Chebet akawa mwanamke wa kwanza kumaliza mita 5,000 chini ya dakika 14, kwa 13:58.06. Kiwango cha wanaume: 13:01.00. Hawa wanawake, bora kuliko wote duniani, wasingeshindwa kwenye fainali. Wasingepanda hata ndege.

Na msiniambie ni uvivu wala ukosefu wa mafunzo. Kipyegon anafanyia mazoezi Kaptagat, katika kundi la kocha Patrick Sang, alikokuwa Eliud Kipchoge. Vilima vile vile, kocha yule yule. Pengo linabaki. Hicham El Guerrouj alikimbia 1,500 kwa 3:26.00 mwaka 1998. Ukilinganisha na Kipyegon ni kama asilimia 11. Kwenye 800, kati ya 1:40.91 ya David Rudisha pale London 2012 na 1:53.28 ya Jarmila Kratochvílová ya 1983, ni asilimia 12 na kidogo. Sababu iko mwilini. Watoto wa gredi ya 4 hukimbizana bega kwa bega. Balehe ikiingia, testosteroni humpa mvulana misuli zaidi, mifupa mirefu, moyo mkubwa na hemoglobini nyingi ya kubeba oksijeni kwenye damu. Mazoezi hayawezi kuliziba pengo hilo kwa sababu mwanamume naye anafanya mazoezi.

Kinachotakiwa kuunganishwa ni vitu vingine: uwanja, kocha, saa za mazoezi, bahasha ya zawadi. Hapo ndipo dada zetu wanapunjwa, na hapo ndipo ningependa tupige kelele.

Karibuni. Anayepinga aje na hoja.

DagorettiKona

Mwanamke akicheza na wanaume ataumia. Hakuna haja ya uzi mrefu.

KochaJericho

Mleta mada, hesabu zako sizipingi, lakini umeanzia juu, kule Tokyo. Mimi niko chini, kwenye uwanja wa vumbi hapa Eastlands, na huku hali ni tofauti.

Ninafundisha watoto wa chini ya miaka 12. Msichana wa miaka 10 anakuja na kaka yake, anapiga pasi kuliko kaka yake, halafu naambiwa asubiri timu ya wasichana. Timu gani? Mtaa mzima hauna wasichana 11 wa rika lake wanaoruhusiwa kutoka nyumbani siku moja. Nikimkataa leo, kesho yuko jikoni au anabeba mtoto wa shangazi yake, na mpira umeisha hapo. Nikimchezesha, kocha wa timu pinzani anamwona, anadai mechi isipigwe. Imetokea, tena si mara moja. Hakuna aliyekuwa ameumia. Aliyekuwa anaumia ni beki wake, aliyekuwa anapitwa.

Hoja ya balehe uliyoitoa mwenyewe ndiyo hoja yangu. Kama kabla ya balehe miili inakaribiana, kwa nini tunawatenganisha wakiwa gredi ya 3? Uingereza chama cha soka kinaruhusu wasichana na wavulana wawe timu moja hadi ngazi ya chini ya miaka 18. Sisemi tufike huko. Nasema hadi miaka 12 tuache watoto wacheze.

Wenye umri wangu mnakumbuka MYSA, chama cha michezo cha vijana, ilipoanzishwa Mathare mwaka 1987. Timu ilikuwa inapata pointi kwa kusafisha mtaa, si kwa mabao tu. Wasichana hawakuwepo mwanzoni. Waliingia miaka ya tisini, na kuna wazazi walioona ni ajabu. Leo nani anaona ajabu msichana wa Mathare akivaa njumu?

Binti_Kayole

Kocha asante. Mimi ndiye huyo msichana, ila nimekua.

Nilicheza na wavulana hadi nilipoingia shule ya upili na ndiko nilikojifunza kufikiria haraka, maana ukichelewa na mpira unanyang'anywa. Lakini nilipofika miaka 14, 15, nikaanza kuona tofauti. Mvulana niliyekuwa nampita kila siku akaanza kunifikia hata nikimwacha hatua mbili. Mpira wa juu siupati tena. Nikawa wa kukaa benchi, na kule kwenye benchi hakuna anayekuona. Nilipopata timu ya wanawake nikawa nahodha. Ni mimi yule yule. Kwa hivyo yeyote anayeniambia ligi ya wanawake ni dharau kwangu, ajue bila hiyo ligi ningekuwa nimeacha.

DagorettiKona, ninaumia kwa mambo mengine. Uwanja tunaoutumia, wanaume wanachukua kuanzia saa kumi hadi giza. Sisi tunapewa saa nane, jua la utosi, au tunangoja wamalize ndio tuingie saa moja kasoro, hakuna taa, na kurudi nyumbani ni kutembea kwa vikundi. Mwenzetu aliwahi kuporwa simu na viatu akitoka mazoezini. Mama yake akasema basi. Tulipoteza winga hivyo.

DagorettiKona

Binti, hilo la giza nakubali ni baya. Lakini hujajibu. Ndondi je? Raga? Ukimweka mwanamke na mwanamume ulingoni ni mauaji.

MwalimuWaMichezo

Ndugu DagorettiKona, hata wanaume hawapangwi ulingoni ovyo. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi Seoul 1988 katika uzani wa welta. Hakuna aliyemwambia apande na bondia wa uzani wa juu ndipo dhahabu yake ihesabike. Anapimwa uzito kwanza, anapewa wa kimo chake, na dunia nzima inaona ni haki. Kitengo cha wanawake ni mantiki hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba kwa wanaume tunaita uzani, kwa wanawake tunaita udhaifu.

Nafundisha michezo shule ya umma hapa Nairobi, na kuna jambo la kawaida kabisa ambalo wanaotaka kuunganisha hawalitaji. Vifaa. Wavu wa voliboli wanaume ni mita 2.43, wanawake 2.24. Tufe la wanaume kilo 7.26, la wanawake kilo 4. Mkuki gramu 800 na 600. Viunzi vya mita 110 kwa wanaume vina sentimita 106.7, vya mita 100 kwa wanawake 83.8. Kwenye 3,000 kuruka viunzi na maji ni 91.4 kwa 76.2. Ukisema washindane pamoja, tutafunga wavu upi? Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya voliboli ya wanawake, waliojenga mchezo wao kwenye 2.24 utawapeleka 2.43 uwaambie warukie huko?

Kisha angalieni historia yetu. Wanawake walikimbia mita 800 Olimpiki ya Amsterdam 1928, wakaondolewa, wakarudishwa Roma 1960. Miaka 32 kwa kisingizio kwamba mwili wa mwanamke haustahimili. Mita 5,000 ya wanawake iliingia Atlanta 1996. Na katika hiyo ya kwanza kabisa, Pauline Konga akachukua fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke Mkenya. Kuruka viunzi na maji kwa wanawake kuliingia Beijing 2008. Hiyo ya kwanza pia, Eunice Jepkorir akachukua fedha. Mwaka huo huo Pamela Jelimo akaleta dhahabu ya 800, ya kwanza kwa mwanamke wa nchi hii. Wanaume wetu walikuwa wameanza kupata medali tangu Wilson Kiprugut 1964. Mnaona mwenendo? Mlango wa wanawake ukifunguliwa leo, Mkenya anaingia leo. Wanawake wetu walikuwa tayari. Nafasi ndiyo haikuwepo.

MzeeWaSafari

Vijana, mnazungumza kana kwamba michezo yote ni miguu na vifua. Mimi ni mtu wa magari na nitawatoa huko kidogo.

Safari Rally ya 1983 nilikuwa kijana. Wakati huo Safari ilikuwa ya siku nyingi na maelfu ya kilomita, matope, ng'ombe barabarani, si hii ya siku hizi ya kuzunguka Naivasha. Mshindi Ari Vatanen, wa pili Hannu Mikkola, wa tatu Michèle Mouton, mwanamke Mfaransa, ndani ya Audi Quattro. Hakupata nafasi hiyo kwenye kitengo cha wanawake. Vumbi ni lile lile, saa ni ile ile. Miaka miwili nyuma alikuwa ameshinda Sanremo, mwanamke wa kwanza kushinda mbio za ubingwa wa dunia wa magari, na 1982 akamaliza wa pili duniani nyuma ya Walter Röhrl. Angetengewa kombe lake la kina mama, leo nani angemkumbuka?

Na kuna kisa ambacho mleta mada anapaswa kukijibu. Barcelona 1992, kulenga shabaha aina ya skiti, wanaume na wanawake walishindana pamoja. Dhahabu ikaenda kwa Zhang Shan, msichana wa Uchina. Aliwashinda wanaume wote. Olimpiki iliyofuata, Atlanta 1996, skiti ikawa ya wanaume tu. Wanawake hawakuwa na skiti kabisa. Bingwa hakuwa na mahali pa kutetea dhahabu yake. Iliporudi Sydney 2000, ilirudi ikiwa imetengwa. Najua uamuzi ulikuwa umepitishwa hata kabla hajashinda. Kwangu hilo halipunguzi uzito. Bunduki haijui nani ameishika.

Kwa hivyo msituambie kutenganisha ni kumlinda mwanamke daima. Kuna wakati humwondolea ushindi ambao tayari alikuwa ameushika mkononi.

MbioZaNgong

Mzee, shikamoo. Kisa cha Zhang Shan ni kizito na sina la kukitetea. Skiti haikupaswa kutenganishwa, na ingeweza kuunganishwa hata kesho.

Msimamo wangu unashikilia pale ambapo mwili wenyewe ndio unaopimwa: kasi, nguvu, kimo, pafu. Pale ambapo gari, farasi, bunduki au akili inabeba sehemu kubwa, ukuta ubomolewe. Mbio za farasi na sanaa ya kuwaendesha zimekuwa wazi zamani. Lis Hartel wa Denmark alipata fedha mwaka 1952 akishindana na wanaume, na miguu yake ilikuwa imepooza kwa polio chini ya magoti. Kwenye sataranji Judit Polgár alikataa mashindano ya wanawake peke yao, akafika nafasi ya 8 duniani, na mwaka 2002 akamshinda Garry Kasparov mchezo wa kasi. Huko anayetaka kutenganisha ndiye alete sababu.

Kocha, na la miaka 12 niko nawe bila masharti.

MwekaKasi_Karura

Ngoja niongee kama mtu wa katikati, maana kazi yangu ndiyo hasa hii: ni mwanamume ninayekimbia ili mwanamke akimbie haraka. Nimewaongoza kina dada mbio za barabarani hapa nchini na nje mara chache.

Watu hudhani mbio za barabarani tayari ni za pamoja kwa sababu mnaanza pamoja. Sivyo. Mnaanza pamoja lakini mnahesabiwa mbali. Na hata huko kuanza pamoja kumezua ugomvi wa miaka. Tegla Loroupe alipokimbia 2:20:47 Rotterdam 1998, rekodi ya dunia, wapo waliosema haina maana kwa sababu wanaume walimsindikiza. Dada yetu, mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda New York, 1994, na bado watu wanatafuta namna ya kumpunguza. Mwaka 2011 shirikisho la dunia likaamua rekodi itambuliwe ya mbio za wanawake pekee tu, na 2:15:25 ya Paula Radcliffe ya London 2003 ikawa hatarini kushushwa. Kukawa na kelele, wakatafuta njia ya kati: sasa kuna aina mbili za rekodi, ya mbio za mchanganyiko na ya wanawake pekee.

Hiyo ya pili ndiyo imenifundisha kuheshimu kazi ya mwanamke akiwa peke yake barabarani. London huwaanzisha wanawake mapema kuliko wanaume. Hakuna mgongo wa kujificha nyuma yake. Mary Keitany 2:17:01 mwaka 2017. Jepchirchir 2:16:16 mwaka 2024. Tigst Assefa wa Ethiopia 2:15:50 mwaka 2025. Ile 2:09:56 ya Ruth Chepngetich pale Chicago 2024 siiingizi hapa, maana mwenyewe alifungiwa miaka 3 mwaka 2025 kwa kosa la dawa zilizopigwa marufuku na hilo lina mjadala wake.

Faida ya mweka kasi ni mbili. Upepo, ndiyo. Lakini kubwa zaidi ni akili kupumzika. Mtu akikushikia kasi, huangalii saa, hufikirii, unafuata kisigino. Pale Paris Kipyegon alikuwa na waweka kasi 13, wanaume 11 na wanawake 2, wamepangwa mbele na nyuma. Akakimbia 4:06 na kidogo, haraka kuliko rekodi yake mwenyewe ya 4:07.64 ya Monaco 2023, na haikuhesabiwa rekodi. Alijua haitahesabiwa kabla ya kufunga kamba za viatu. Siku tisa baadaye akaenda Eugene, kwenye mbio za kawaida za wanawake, akavunja ya 1,500 kihalali.

Ninachotaka kusema: mwanamke akikimbia na wanaume anapata kasi. Akikimbia dhidi ya wanaume hapati kitu. Mazoezini tuwe pamoja, hata kila siku. Siku ya mashindano aachiwe mbio zake, watu wamwone amekuja wa kwanza na si wa arobaini na tatu.

Mama_Umoja2

Nimewasoma wote kimya tangu asubuhi. Nina binti wa miaka 13 anayekimbia, na hili neno "mazoezi pamoja" linanikosesha usingizi, kwa hivyo naomba mnisikilize.

Mnasema kocha mmoja, kambi moja. Kambini nani anamlinda? Agnes Tirop, Septemba 2021, alikimbia kilomita 10 kule Ujerumani kwa 30:01, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, Oktoba, akauawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Wanariadha wenzake wakaunda shirika la Tirop's Angels kwa sababu walijua si yeye tu aliyekuwa akiishi na hofu. Msichana anaanza kushinda, pesa zinaingia, na ghafla kuna mwanamume anayejiita kocha, meneja, mume, na yeye ndiye anayeshika kadi ya benki.

Sipingi binti yangu kukimbia na wavulana. Anakimbia nao na nafurahi akirudi anajisifu. Ninachouliza ni kwa nini kila kambi ninayosikia ina makocha wanaume tu. Unganisheni huko kwanza. Wawekeni wanawake makocha, wawekeni kwenye kamati za vyama; Katiba hiyo hiyo mleta mada aliyoitaja inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye nafasi za kuchaguliwa au kuteuliwa. Hiyo ndiyo sehemu ya Kifungu cha 27 ambayo wanaume wa michezo hawaikumbuki.

Na hedhi. Semeni hilo neno. Mabinti wanaacha michezo wakianza hedhi kwa sababu uwanja hauna choo na kocha hajui hata pa kuanzia kuongea nao.

Binti_Kayole

Mama, asante sana.

Amina_Section3

Asalaam aleikum. Kwa ufupi. Huku Eastleigh wasichana wengi wa Kiislamu wanacheza mpira kwa sababu ni wasichana kwa wasichana. FIFA iliporuhusu hijabu 2014 milango ilifunguka kweli, nimeona kwa macho yangu. Mkiunganisha mashindano mkaita usawa, hao ndio wa kwanza kutoka uwanjani, na hawatarudi. Na si kwamba wanakatazwa na mtu. Wao wenyewe hawataki.

Swali_Gumu

Naomba kuuliza, na nauliza kwa moyo safi. Kama ukuta lazima uwepo, vipi kuhusu wanaokutwa juu ya ukuta? Margaret Wambui alitupa shaba ya 800 Rio 2016. Sheria za homoni, yaani kiwango cha testosteroni ambacho mwanariadha wa kike anaruhusiwa kuwa nacho, zikabadilishwa, zikaanza kutumika 2019 kuanzia mita 400 hadi maili, na mbio zake zikaishia hapo kwa sababu alikataa kunywa dawa za kubadilisha mwili wake. 2023 sheria zikapanuliwa kwa mashindano yote, na tangu Septemba 2025 kila anayetaka kushindana na wanawake kwenye Mashindano ya Dunia anapimwa jeni. Huyu alizaliwa msichana, akalelewa msichana, akatuwakilisha. Tulipiga makofi, kisha tukanyamaza.

MbioZaNgong

Hili sitalijibu haraka haraka.

Ninaamini kitengo cha wanawake kinahitaji mpaka, na mpaka wowote unaotokana na mwili utamkuta mtu ambaye mwili wake haukusoma sheria. Ninachokataa ni namna wanavyotendewa. Habari za damu ya mtu zilisomwa magazetini kama matokeo ya mechi. Mnamo Julai 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Caster Semenya, mkimbiaji wa Afrika Kusini aliyepinga sheria hizo, hakusikilizwa kwa haki Uswisi, na hilo tu linaonyesha jinsi mambo haya yalivyoendeshwa. Wambui mwenyewe aliwahi kupendekeza kitengo cha tatu, ili wenye hali kama yake washindane bila kujificha. Hapa nyumbani sikuona chama wala kiongozi aliyekaa naye kulijadili wazo hilo kwa uzito. Nalitaja hapa kwa heshima kwa sababu lilitoka kwake, na anayeathirika ndiye anapaswa kusikilizwa kwanza.

Sina jibu linaloridhisha pande zote mbili. Lakini kuunganisha wote katika mbio moja hakumsaidii Wambui pia. Muda wake wa Rio, 1:56.89, ungemwacha nje kwenye mbio za wanaume kama wenzake wote.

KochaJericho

Mjadala mzuri. Mbona hakuna aliyetaja mbio za kupokezana za mchanganyiko? Mimi hizo ndizo nazipenda kuliko zote.

Agosti 2021, Mashindano ya Dunia ya chini ya miaka 20, hapa hapa Kasarani, kupokezana mita 400 mara 4, wavulana 2 na wasichana 2. Nigeria dhahabu, Poland fedha, India shaba. Mbio za nyika, mchanganyiko ulipoingizwa kwa mara ya kwanza Kampala 2017, Kenya tukachukua dhahabu. Pale mwanamke hahesabiwi nje, hapewi zawadi ya pembeni. Akilegea, timu nzima imeanguka. Akikaza, wote wana dhahabu.

MwekaKasi_Karura

Na hata hizo zilihitaji sheria, Kocha. Doha 2019 kila timu ilipanga inavyotaka. Poland wakatanguliza wanaume wote wawili, wakaongoza kwa mbali sana, kisha wanawake wao wakafukuzwa na wanaume wa nchi nyingine na kupitwa mmoja baada ya mwingine. Haikupendeza kutazama. Tangu 2022 mpangilio ni mmoja: mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke. Sasa kila mtu anakimbia na wa kimo chake, lakini medali ni moja.

DagorettiKona

Nimesoma yote. Kwenye ndondi na raga sibadiliki. Kwenye watoto wa Kocha, sawa, wacheze. Nina mpwa wa kike wa miaka 9 Kawangware, anapiga mpira ukuta kutwa nzima. Kocha, umbali ni tatizo. Kuna mtu huku upande wa Dagoretti anayechukua wasichana?

KochaJericho

Yupo mwenzangu mmoja, nitakutumia namba yake faraghani. Mwambie ni wangu.

Na nyote: tunaandika barua kwa kamati inayosimamia uwanja wetu kuhusu ratiba ya mazoezi. Ratiba mpya itapangwa mwezi ujao na kikao ni cha wazi. Binti_Kayole na wenzako mje, ninyi ndio mtaongea. Nikiongea mimi wataniona natafuta jina.

Mama_Umoja2

Nitakuja. Nitaleta na kina mama wawili watatu.

Binti_Kayole

Tutakuja timu nzima, na fulana zetu. Kocha, kwenye barua andika saa kumi hadi saa kumi na mbili, Jumanne na Alhamisi, uwanja mzima na si nusu. Taa upande wa lango. Choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Na hao watoto wako wa mchanganyiko, wape Jumamosi asubuhi, sisi wakubwa tutakuja kuwachezeshea kama waamuzi.